Ujiji: Mji wa kale unaobomoka pembeni mwa mnara wa Livingstone

*Wageni hupelekwa kwenye sanamu mbili za Wazungu, kisha hurudi Kigoma. Nyumba za udongo zilizoufanya mji uitwe wa kihistoria zinaondoka moja moja, na hakuna sheria inayozitambua*

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Mgeni anayeshuka Kigoma, Mwisho wa Reli, akataka kuiona Ujiji, mara nyingi safari yake huishia mahali pamoja. Bajaji inampitisha Mwanga, inateremka upande wa ziwani, inasimama kwenye uwanja wa makumbusho. Hapo pana mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika, msalaba umechongwa ndani yake. Pana miembe miwili inayosemekana kuwa ni vipandikizi vya mwembe wa zamani. Ndani zimewekwa sanamu za wanaume wawili, David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871, wakivuliana kofia.

Anapiga picha, anasaini kitabu cha wageni, anarudi Kigoma mjini kula mgebuka.

Hatua chache kutoka hapo unabaki mji mzima ambao hakuna aliyemtajia. Vichochoro vinapindana kati ya nyumba ndefu za udongo na za tofali mbichi, baraza mbele, ua nyuma, mabati yameshika kutu. Misikiti iko karibukaribu. Miembe minene imeziba jua juu ya njia.

Ukizunguka kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Rusimbi ikiwemo, unaona jambo lilelile. Nyumba ya zamani iliyosimama mwaka jana leo ni lundo la udongo mwekundu, na kando yake zimepangwa tofali za saruji zikisubiri fundi. Anayejenga hajavunja sheria yoyote. Amejenga kwenye kiwanja chake.

Hapo ndipo penye tatizo. Ujiji ni mji wa kihistoria vitabuni, mabango ya utalii yanausifu, lakini nyumba zake hazina hadhi yoyote mbele ya sheria. Kilichohifadhiwa ni mkutano wa wageni wawili. Mji uliowapokea haukuhifadhiwa.

Soko kabla ya wageni

Richard Burton na John Speke walipofika ukingo wa Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, hawakugundua kitu ambacho wenyeji hawakukijua. Walifuata njia ya misafara ambayo Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi walikuwa wameshaizoea, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Aliyewasaidia kusema na watu njiani alikuwa Sidi Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India.

Waliikuta nchi ya Waha, na Wajiji wakiwa wenyeji wa ufuko. Soko lilikuwapo. Chumvi ya Uvinza ililetwa hapo, na mawese, samaki, nafaka, mbuzi, pembe za ndovu na watu waliotekwa. Shanga ndizo zilizokuwa fedha. Zile zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko, zilitungwa kwenye nyuzi na kuhesabiwa na wabadilishaji waliokaa pale pale sokoni.

Katika miaka ya 1870 mji ulikuwa chini ya Mwinyi Kheri, mtu wa pwani ya Mrima aliyekuwa na mashua ziwani na wafuasi pande zote mbili za maji. Baada yake alipata nguvu Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyetoka pwani ya kusini, mshirika wa mfanyabiashara Tippu Tip na mfuasi wa twarika ya Kadiria. Kutoka hapa Uislamu na Kiswahili vilivuka maji. Anayetaka kujua kwa nini mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura unazungumza Kiswahili na kuswali Ijumaa kwa wingi namna ile, aanzie Ujiji.

Halafu kuna Wamanyema. Watu wa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walifika hapa kwa njia nyingi: wengine walitekwa, wengine walikuja kama wapagazi, askari wa misafara au wake wa wafanyabiashara. Walijenga, wakaoana, wakawa waungwana wa mji. Baadaye watoto wao walisambaa Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam, na kote huko jina la Manyema likawa kitambulisho cha heshima. Ujiji ya leo, na nyumba hizi zinazobomolewa, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono yao.

Mkutano ulifanyika barazani

Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869, mgonjwa. Alivuka kwenda Manyema, na huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, aliwaona wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Mamia walikufa. Alivunjika moyo, akarudi Ujiji tarehe 23 Oktoba, akakuta bidhaa zake zimeshauzwa. Stanley aliandika kwamba alimkuta tarehe 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaelekeza siku za mwisho za Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku.

Mtu wa kwanza kumsalimu Stanley kwa Kiingereza katika umati ule hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mhudumu wake, aliyetoka mbio kumwarifu bwana wake kwamba kuna mgeni. Susi na mwenzake Chuma ndio walioongoza kundi lililobeba mwili wa Livingstone, alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, hadi Bagamoyo. Kwa hiyo historia ya mahali hapa, hata ikisimuliwa kwa kumfuata Livingstone peke yake, imejaa Waafrika wenye majina. Mgeni anaondoka akiwa amejifunza majina mawili tu.

Tena liko jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Stanley ameeleza walikokaa baada ya kusalimiana. Livingstone alimwongoza hadi kwenye nyumba aliyokuwa akiishi, wakaketi kwenye baraza la udongo chini ya paa lililochomoza. Mkeka ulikuwa umetandikwa na ngozi ya mbuzi juu yake, na ngozi nyingine ilipigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Wenye mji walikaa nao, na umati wa watu ulijaa uwanjani ukitazama.

> Mazungumzo yaliyoipa Ujiji umaarufu duniani yalifanyika kwenye baraza la nyumba ya udongo, nyumba ya aina ileile inayobomolewa leo bila kuandikwa popote.

Mwembe unaosemekana walikutana chini yake umepata mnara. Baraza halikupata chochote. Na hilo si jambo dogo, kwa sababu baraza ndilo linalomweleza mgeni mji huu ulivyokuwa ukiishi: hapo mgeni alikaribishwa kabla ya kuingizwa ndani, hapo bei ya pembe ilijadiliwa, hapo kesi zilisikilizwa, na hapo hadi leo mzee wa Ujiji hukaa alasiri na kahawa yake.

Ziwa nalo limehama

Anayesimama kwenye mnara leo hushangaa ziwa liko mbali. Picha za kuchorwa za karne ya 19 zinaonyesha maji karibu na mji. Sababu ni ya kweli na ya kuvutia, na ingefaa isimuliwe kwa kila mtoto wa shule wa Kigoma.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Kwa miaka mingi katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea, na ziwa likapanda. Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874. Mwaka 1878 kizuizi kikapasuka, maji yakaporomoka kuelekea Mto Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Edward Hore, baharia wa jumuiya ya wamisionari wa London aliyeishi Ujiji, aliona kwa macho yake ufuko ukirudi nyuma. Bandari ya Ujiji ikabaki mchanga.

Kigoma ina ghuba yenye kina kirefu. Wajerumani, waliokuwa na boma lao Ujiji tangu 1896, walipofikisha reli ya kati ziwani mwaka 1914, waliifikisha Kigoma. Mwaka uliofuata meli ya *Graf von Goetzen*, ambayo leo ni MV *Liemba*, ikashushwa majini Kigoma, si Ujiji. Ofisi, stesheni na bandari vikahama, na fedha zikafuata. Ujiji ikabaki na misikiti yake, mashamba ya michikichi na dagaa. Umaskini huo kwa sehemu ndio uliozitunza nyumba zake: hapakuwa na fedha za kuzibomoa.

Sasa fedha zimeanza kupatikana, na maji yamebadilika tena. Ziwa limepanda tangu mwishoni mwa muongo uliopita, na mwambao kuanzia Bujumbura hadi Kigoma umeshuhudia nyumba na maghala yakiingiliwa na maji. Kila familia inayosukumwa na ziwa inatafuta kiwanja juu, na viwanja vya juu vina nyumba za kale.

Sheria inapoishia

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua urithi kwa tarehe. Msingi wake ni vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao ya kuchongwa imepewa nafasi pana zaidi: inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1940. Kitu kisichoingia humo kinahitaji Waziri akitangaze.

Ni nadra nyumba ya udongo ya Ujiji kuvuka miaka 160. Kuta zake hukandikwa upya, paa hubadilishwa, chumba huongezwa uani mtoto akioa. Nyumba ya namna hii haina tarehe moja ya kuzaliwa. Sheria iliyotungwa kwa kuangalia magofu ya mawe ya Kilwa na misikiti ya matumbawe ya pwani haina macho ya kuiona.

Bagamoyo ilipata bahati: mji wake mkongwe ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Ujiji imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania tangu 2006, ikiwa kituo cha mwisho cha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Orodha ya awali ni nia tu. Haimzuii mtu kubomoa hata ukuta wa choo.

Hata huko kwenye hadhi kamili mambo si shwari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu kuliko yote Unguja, iliporomoka na kuua watu waliokuwa wakilikarabati. Kama jumba la Sultani, lenye jina duniani, linaweza kuanguka hivyo, nyumba ya mjane wa Ujiji haina wa kuikimbilia.

Mwenye nyumba naye ana hoja

Ni rahisi kwa mwandishi anayelala kwenye nyumba ya saruji kumsihi mwingine aendelee kuishi kwenye udongo. Nisingependa kuwa mwandishi huyo.

Nyumba ya udongo inataka kukandikwa mara kwa mara. Mchwa hula boriti kimyakimya. Masika ikiwa kali, ukuta wa nyuma hulowa na kulala chini usiku, watoto wakiwa ndani. Mpangaji wa leo anataka choo cha ndani, umeme uliopita vizuri na sakafu ya vigae. Benki haikopeshi kwa dhamana ya udongo. Kijana aliyeuza dagaa miaka kadhaa hadi akapata fedha ya msingi na mabati mapya ana haki ya kujivunia nyumba yake, na majirani wanampongeza kwa dhati.

Liko pia suala la mirathi, ambalo kwa maoni yangu linabomoa nyumba nyingi kuliko mvua. Babu alijenga. Wajukuu wametawanyika Bujumbura, Uvira, Tabora na Dar es Salaam. Nyumba ni ya wote, kwa hiyo haikarabatiwi na yeyote. Inafika siku wanakubaliana jambo moja tu, kuuza, na mnunuzi anataka kiwanja.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji nayo ina mzigo wake. Wananchi wanaidai barabara za lami, mitaro, maji na taa. Kodi ya jengo la kisasa ni kubwa kuliko ya kibanda. Diwani akiwaambia wapiga kura kwamba mtaa wao hautajengwa kwa sababu ya historia, asitegemee kurudi.

> Huwezi kumwomba mtu atunze urithi wa taifa kwa fedha za kukandika ukuta wake mwenyewe.

Kwa upande mwingine wapo wapenda historia, waongoza watalii na watumishi wa mambo ya kale wanaoona mji ukiisha. Hoja yao ni ya uchumi pia. Mtalii anayekwenda Gombe kuwaona sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960 anapita Kigoma kwa lazima. Akipewa sababu ya kukaa siku moja zaidi Ujiji, atalala, atakula, atanunua. Saa moja ya sanamu na mnara haimtoshi mtu kulala.

Kumbukumbu inayouma

Kuna ukimya mwingine, na huu hautokani na fedha. Njia ya miembe inayoelekea mashariki ilipitiwa na watu waliofungwa. Ndani ya mji mmoja wanaishi wajukuu wa waliouza, wajukuu wa waliouzwa, na wengi zaidi ambao ni wajukuu wa wote wawili. Wamezikana na kuozeshana kwa vizazi vingi. Kumuuliza mtu babu yake alifikaje Ujiji kunaweza kuwa tusi.

Ndiyo maana baadhi ya familia hazitaki bango lolote mlangoni. Naielewa heshima hiyo, na sidhani serikali ina haki ya kuivunja. Lakini mji ukibaki bila nyumba na bila masimulizi, atakayebaki kusimuliwa ni Livingstone peke yake, mkombozi aliyetoka mbali, na Wamanyema waliojikomboa wenyewe kwa kazi, ndoa, elimu ya dini na biashara watakuwa wamefutwa mara ya pili.

Somo kutoka ukutani

Dubrovnik, mji wa Kroatia kwenye Bahari ya Adria, una kila kitu ambacho Ujiji haina. Ukuta wake wa mawe una urefu wa takriban mita 1,940 na kimo kinachofika mita 25. Mji wake wa kale uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Mwaka 1991 na 1992 ulipigwa mizinga: kati ya majengo 824 ya mji wa kale, asilimia 68 yaliguswa. Uliweza kurudishwa kama ulivyokuwa kwa sababu majengo yake yalikuwa yameandikwa na kupimwa, na mafundi walijua dirisha lilikaa wapi na kigae kilikuwa cha udongo gani.

Halafu mji huohuo ukakaribia kuuawa na wageni. Meli za starehe zilishusha maelfu kwa siku, nyumba zikageuzwa vyumba vya kupangisha watalii, wenyeji wakahamia nje ya ukuta. Halmashauri ikalazimika kuweka kikomo cha meli mbili na abiria 4,000 kwa wakati mmoja.

Ujiji haijawahi kuwa na ukuta, na kwa sasa haina hofu ya wageni wengi. Lakini kuna reli inayokuja. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni hiyo ikifika, bei ya kiwanja mjini haitabaki ilipo, na nyumba za udongo zitaondoka kwa kasi ambayo hatujaiona. Kinachofanyika leo ndicho kitakachoamua kama abiria wake watakuta mji au mnara tu.

Nyumba zote haziwezi kuokolewa, na si zote zinazostahili. Mtaa mmoja unaweza. Waziri ana mamlaka ya kuutangaza, na kutangaza huko kuje na mfuko wa mabati, boriti na fundi, ili mwenye nyumba alipwe fadhila badala ya kuwekewa katazo. Susi, Chuma, Bombay na Mwinyi Kheri wapewe nafasi kwenye makumbusho. Wazee wanaokubali kusimulia warekodiwe, wasiokubali waachwe.

Kwa zile nyumba nyingine zitakazobomolewa, kibali cha ujenzi kinaweza kubeba sharti moja jipya: kabla ya kubomoa, zipigwe picha za pande zote, vyumba na baraza vipimwe, na yaandikwe jina la aliyejenga na mahali alikotoka, iwapo familia inaridhia. Ofisa mmoja wa manispaa mwenye simu na futi anaweza kuimaliza nyumba moja kwa asubuhi moja, na ofisi ya kata ya Rusimbi ingefaa kuwa ya kuanzia.